Puto Ndani ya Mshipa Mkubwa

Miaka ile serikali iliporuhusu biashara huria, kaka yangu alianza kupeleka kabichi za kijijini kwetu Lukozi hadi Dar es Salaam kwa lori. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikifundisha nimekaa. Ugonjwa wa utotoni ulikuwa umeharibu valvu moja ya moyo wangu, kilango kinachozuia damu isirudi nyuma. Miguu ilivimba, pumzi ilikatika.

Nilipopata nafasi ya kupasuliwa India, Mama alisita.

"Mwanangu, huko ni mbali mno."

"Nikibaki nitakufa, Mama. Nakwenda."

Kaka akanisindikiza.

Nilizinduka baada ya upasuaji nikiwa na mpira mwembamba ulioingizwa kwenye mshipa wa pajani, na mashine ikinguruma kando ya kitanda. Kaka aliitazama kwa hofu.

"Shikamoo, Kaka," nilisema kwa sauti iliyokauka.

"Marahaba. Hili dude la nini?"

Nilimfasiria maneno ya daktari. "Valvu ni mpya, lakini moyo wenyewe umechoka. Kwa mpira huu wameweka puto ndani ya mshipa mkubwa wa damu, na mashine hii inalijaza na kulinywesha. Moyo ukipumzika, puto linajaa, linasukuma damu mwilini na kwenye mishipa inayoulisha moyo. Moyo ukitaka kusukuma, puto linanywea, damu inapita kwa wepesi."

"Kwa hiyo moyo haufanyi kazi?"

"Unafanya. Ila mzigo umepungua."

Nilikatazwa kukunja mguu wenye mpira. Sikuukunja, japo mgongo uliwaka moto. Mkojo, uliokuwa karibu kukatika, ulianza kutoka vizuri. Daktari alitabasamu: damu ilikuwa inafika kwenye figo.

Kisha wakapunguza msaada wa puto, waone kama moyo utaweza peke yake. Badala ya kujaa kila pigo la moyo, puto likawa linajaa pigo moja na kuruka linalofuata. Jasho likanitoka, presha ikashuka, wakarudisha kama mwanzo. Kaka alitoka nje akifuta macho. Nami nililia. Daktari alipopita jioni nilimwambia, "Kesho tujaribu tena."

Tukajaribu. Safari hii presha ilitulia. Wakapunguza zaidi, ikatulia bado. Hatimaye wakauchomoa mpira pamoja na puto lake, na muuguzi akakandamiza paja langu hadi damu ikakoma. Mashine ikasukumwa kwa mgonjwa mwingine.

Siku chache baadaye nilishuka kitandani. Kaka alininyooshea mkono.

"Niache, Kaka," nilisema, nikatembea peke yangu hadi dirishani.