Mstari wa Tisa

Kaka yangu alipigwa kitako cha bunduki kabla hajamaliza kuitikia salamu. Hivyo ndivyo walivyoingia kwetu Olumbi, wanaume watatu wenye sare, saa nne ya asubuhi. Nyumbani tulikuwa wawili tu. Wake zetu na watoto tulishawavusha mpaka wa Namoto kwenda Tanzania. Na sare siku hizo haikukwambia kitu. Za serikali walizivaa na wale wengine, waasi wa msituni, na kumuuliza mwenye bunduki yuko upande gani ni kujitafutia kifo.

Walifuata waya wa antena kutoka kwenye mnazi mpaka dirishani kwangu. Mezani wakaikuta redio yangu, ya kupokea na kurusha, ninayoongea nayo na wapenzi wenzangu wa redio wa nchi za mbali. Kiduara cha kuzungushia stesheni kilikuwa kimekufa siku nyingi, kwa hiyo niliiunganisha na kompyuta, na kompyuta ndiyo iliyokuwa ikiiendesha. Nilijivunia kazi ile kuliko nyumba niliyoijenga.

Ndani ya kompyuta nilikuwa na orodha. Ukibonyeza kitufe kimoja, redio inazipitia stesheni moja moja, inatua sekunde tano, inasonga. Mstari wa tisa ulikuwa wa askari wa serikali. Niliwasikiliza kila alfajiri nijue kama barabara ya Palma inapitika, ndipo majirani watoke kwenda shamba. Hawa wakiwa askari, mimi ni jasusi. Wakiwa wale wengine, mimi ni mtu wa serikali. Kote kuwili ni kuchinjwa.

"Unaongea na nani humu?" aliuliza mkuu wao.

"Na wapenzi wa redio tu, chefe. Brazili, Tanzania. Licença ninayo."

Nikamwonyesha karatasi ya kibali. Akaichana, akanizaba kofi lililonitoa damu puani, halafu akaanza kubonyezabonyeza kompyuta mwenyewe. Hakujua alichokigusa. Tarakimu za redio zikaanza kubadilika bila mkono wa mtu, naye akaruka nyuma na kuchomoa panga.

"Nani anaiendesha? Yuko wapi?"

"Ni computador, chefe. Niache niizime."

"Guza uone. Mkono wako utabaki hapo mezani."

Mstari wa kwanza, mlio mtupu. Wa pili, mtu anahesabu kwa Kireno. Wa tatu, kimya. Ilibaki mistari sita kufika wa tisa.

Hapo kaka, sikio linachuruzika damu, amesimama pembeni mwa meza, akaona ndiyo saa ya kunisema.

"Nilikwambia, mdogo wangu! Dude hili litatuua! Nilikwambia ukanicheka!"

Miaka miwili aliniimbia maneno hayo hayo, kwenye chai, kwenye chakula, hata tukitoka msikitini. Mstari wa tano ukapita. Wa sita. Yeye bado anasema tu.

Kompyuta nisingeweza kuifikia ila kwa kupitia mwili wake. Nilimpiga ngumi ya mdomo kwa nguvu zangu zote. Aliangukia meza, meza ikapinduka, redio ikajibamiza sakafuni, kompyuta ikapasuka kioo na kuzimika. Nikamfuata palepale chini nikampiga nyingine. Niliusikia mfupa wa taya.

Wale watu walishangaa, kisha wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. "Hawa wanamalizana wenyewe," mkuu wao akasema. Walitupiga mateke ya mbavu mpaka wakachoka, wakachukua betri ya redio, wakaenda zao.

Kaka alisukutua maji ya chumvi uani, akatema meno mawili. Nilichuchumaa mbele yake nikamweleza yote: orodha, mstari wa tisa, sauti ambayo ingetoka. Nililia, sioni haya kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia maishani.

"Ngumi ya kwanza nimeielewa," akasema kwa shida, taya imevimba. "Ya kwanza imetuokoa, Mungu akulipe. Ya pili je?"

Nikamwongezea maji ya chumvi. Nilipompiga ya pili kompyuta ilikuwa imeshazimika, niliiona kwa macho yangu imezimika. Nilitaka tu anyamaze.