Vifaranga wa Nyuma ya Vyoo

Nilimwonea wivu yule mwanamke, na sijamaliza kumwonea.

Tulikuwa walimu wa shule moja ya msingi Kisumu, chini kidogo ya Milimani, mwishoni mwa miaka ya themanini. Mimi nilikuwa nimefundisha sayansi miaka tisa, ndani ya darasa, kwa chati niliyoichora kwa mkono wangu: simba, twiga, kiboko. Akaja yeye kutoka upande wa Awasi, msichana mwenye raba miguuni, akapewa darasa la tatu, alimokuwa binti yangu. Wiki ya kwanza tu akawatoa watoto nje. Ya simba ni ya nini, aliwaambia, na hapa uani mna wanyama tele? Wakalala kifudifudi kwenye nyasi kutazama sisimizi. Wakamkuta kenge kwenye mtaro. Wakamshika kinyonga, ambaye mimi, mwalimu mzima wa sayansi, nilikuwa nikimkimbia.

Jioni binti yangu hakuwa na neno jingine. Mwalimu amesema kenge humeza yai zima. Nikiweka omena mezani, Mwalimu amesema hata ndege wa ziwani wanakula omena. Mwalimu amesema, Mwalimu amesema. Na mimi pale nyumbani nilikuwa nani, mpishi?

Kisha wakagundua kiota cha chiriku ndani ya ua wa michongoma, nyuma ya vyoo. Vifaranga watatu, uchi kabisa, midomo wazi. Tangu siku hiyo binti yangu akawa ananiacha njiani anakimbia kuwaona. Zamani tulikuwa tukienda shule tumeshikana mikono. Roho iliniuma, sidanganyi.

Ijumaa ilikuwa siku ya usafi, na mwalimu wa zamu ndiye aliyegawa kazi: nani afagie, nani afyeke, nani achote maji. Wiki ile zamu ilikuwa yangu. Nikawapa wavulana wa darasa la saba mapanga, nikawaambia wakate ua wa nyuma ya vyoo mpaka usawa wa goti. Hakuna aliyeuliza, mwalimu wa zamu haulizwi. Nilisimama pale hadi wakamaliza, nikawaambia kazi nzuri.

Saa nne yule mwalimu akaja na darasa lake. Mwewe wawili walikuwa wanazunguka juu ya matawi yaliyolala chini. Binti yangu akasimama kati ya visiki.

"Mwalimu, vifaranga wako wapi?"

Yule mwanamke akaniangalia. Alijua. Jumatatu, kwenye chumba cha walimu, alikuwa amenieleza mwenyewe kiota kiko wapi, tena kwa furaha. Nikangoja aseme. Akainama kwa mtoto wangu, akamwambia, "Wameshaota manyoya, wameruka." Kisha akawapeleka wote kuwatazama yangeyange waliokuja kudonoa wadudu kwenye takataka zangu.

Hata kwa wema alinishinda. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilizidi kumchukia. Alipohamishwa muhula uliofuata, sikwenda kumuaga.

Miaka ikapita. Binti yangu alikuwa karibu kumaliza sekondari, tumekaa tunachambua mboga, na sijui ni nini kilinisukuma nikamuuliza kama anawakumbuka wale chiriku.

"Mama," akasema bila kuinua macho, "kifaranga awe uchi Alhamisi, Ijumaa aruke? Nilijua siku ile ile. Na nilijua ni wewe, kwa sababu zamu ilikuwa yako."

"Sasa mbona ulinyamaza, nyathina, mwanangu?"

Moyo wangu ulishajiandaa kusikia kwamba alinyamaza kwa ajili yangu mimi, mama yake.

"Sikutaka Mwalimu aonekane mwongo," akasema, akaniomba nimsogezee sufuria.