Mgeni Ndani ya Kompyuta ya Harusi

Wiki ya harusi ya binti yangu, nyumba yetu ya Missouri City, huku ughaibuni, ilinukia udi, hina na kitunguu kwa pamoja, nami nilikuwa nikizunguka humo nikiimba peke yangu. Jumamosi tulikuwa na sherehe ya wanawake peke yao. Tuliiweka asubuhi ili kule Mombasa iwe jioni, kwa sababu mama yangu, ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda ndege, alitaka kumwona mjukuu wake amepambwa. Mwaka mzima hakuniomba kingine.

Binti yangu alikuwa ameshatoa amri: simu zote kapuni, mlangoni. Wanawake wakivua mitandio na kucheza, hataki picha ya mtu ikazurure mtandaoni. Kamera iliyoruhusiwa ni moja tu, ya kompyuta yangu, na tungeiunganisha na televisheni ili mama aonekane mkubwa.

Ijumaa mchana wifi yangu alikuwa sebuleni akiwachora wasichana hina. Kompyuta ilikuwa wazi mezani. Mara nikaona taa ya kamera imewaka, na hakuna aliyeigusa. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha; taa nayo ikawaka. Kisha mshale wa kwenye kioo ukaanza kutembea wenyewe, ukafungua picha zetu za familia moja baada ya nyingine. Wifi yangu akaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Mimi nilijifunika leso kichwani kwanza, ndipo nikapiga yowe.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Rafiki yangu Mkongomani, mwanamke mwenzangu ambaye kazi yake ni kutengeneza kompyuta za ofisi huko Irving, ndiyo kwanza alikuwa anaingia baada ya safari ya gari, hata mkoba hajautua.

"Eeh mama, hiyo si shetani," akasema. "Hiyo machine iko na mtu ndani. Kata connexion kwanza!"

Nikang'oa waya wa intaneti. Mshale ukasimama, taa ikazimika. Wifi yangu akasema ni aya ndiyo iliyofanya kazi.

"Nani aliweka programu mpya humu?" rafiki yangu akauliza.

Wasichana wote wakamgeukia wifi yangu. Kumbe alikuwa amepata programu ya michoro ya hina, maua chungu nzima, bure kabisa. Ilimwambia azime kinga ya kompyuta kwanza ndipo maua yafunguke, naye akazima, kwa sababu eti aliombwa vizuri.

"Mwizi akibisha hodi vizuri utampa na mto alale!" nikamwambia.

"Na maua je, wifi? Si ndiyo hayo mkononi mwa bintiyo?"

Nikautazama ule mkono. Maua yalikuwa mazuri kweli, na hilo lilizidi kuniudhi.

Rafiki yangu alitueleza huku akila viazi karai. Yale maua yalikuja na programu nyingine, iliyojificha. Kazi yake ni kufungua njia kutoka ndani na kumwita bwana wake aliko, naye aingie kama yuko kwake: atazame kwa kamera, asome maneno ya siri, achukue apendacho. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliifuta programu ya maua, akaiwasha kompyuta upya, na ile nyingine ikaamka nayo, imejipa jina la kawaida ili isishukiwe.

"Donc tunapangusa yote," akasema. "Ukitoa kidogo kidogo, utabakia na mashaka."

Niliingiwa na hofu. Je, mama angemwonaje mjukuu wake kesho? Nikamwomba binti yangu aruhusu simu moja tu, yangu mimi.

"Mum, no phones means no phones. Nikiruhusu yako, kila auntie ataleta yake."

Basi tukapangusa. Rafiki yangu aliokoa picha na nyimbo, akazikagua, wala hakubeba programu hata moja. Akaifuta kompyuta yote, akaweka mfumo mpya kutoka kwenye flashi safi anayotembea nayo mkobani kama wengine tunavyotembea na dawa ya kichwa. Mimi kwa simu yangu nikabadilisha maneno yangu ya siri, ambayo kusema kweli yalikuwa neno moja nililolitumia kila mahali. Wifi yangu alipigwa marufuku kusogelea meza, akakaa kochini akituimbia. Mwishowe tukarudisha intaneti. Taa ya kamera ikabaki imezimika. Rafiki yangu akapitia kila kinachoamka na kompyuta, akatuambia ni safi, na vigelegele vikapigwa kabla ya wakati wake.

Asubuhi kapu likajaa simu. Mama akatokea kwenye televisheni, buibui limemfika kidevuni.

"Huko hamna mwanamume?"

"Hamna!"

"Hata huyo wa ndani ya kompyuta?"

"Tumemfukuza!" akajibu wifi yangu, kana kwamba ni yeye. Tulicheka mpaka tukashikana mabega.

Mama alimtazama mjukuu wake, mikono, miguu, uso, akamwombea dua. Kisha akavua mtandio. Miaka yote tuliyoonana kwa simu hakuwahi kuuvua. Alikuwa akisema hajui nani mwingine anatazama. Nilipoondoka Mombasa nywele zake zilikuwa nyeusi. Sasa zilikuwa nyeupe zote, zimesukwa mabutu mawili kama za msichana. Nilifurahi mno, nikalia mbele ya watu.

"Mbona walia, mwanangu? Ni nywele tu hizi."

"Sogea, mama," nikamwambia. "Sogea karibu na kamera."