Kitambaa Juu ya Mtambo wa Kanda

Wewe ungemkabidhi mtu huyu rekodi za wagonjwa? Msimamizi wa kompyuta hospitalini Nakuru huufunika mtambo wa kanda kwa kitambaa cha kufuma, kama televisheni ya sebuleni. Seva zote hutegemea mtambo huo kuhifadhi nakala, lakini kila jioni yeye huufunga utumiwe na seva ya uhasibu pekee, hunyoosha kitambaa kwa vidole laini, akaenda zake.

"Boss, uachilie mtambo! Rekodi za wagonjwa hazina nakala," fundi wake Rohan alifoka jioni moja.

"Kijana, mkurugenzi huniuliza hesabu, haniulizi wagonjwa."

Asubuhi iliyofuata diski yenye rekodi za wagonjwa ilikuwa imekufa. Rohan alimsikia muuguzi akimuuliza mama aliyetoka kambi ya wakimbizi, "Mathe, ulikuwa unakunywa dawa gani?"

"Si mliandika kwa kompyuta?"

Msimamizi alikuwa akinyoosha kitambaa.