Chupa ya Kichina Kwenye Kapu la Mbegu

Mama yangu ana presha, na ana kichwa kigumu. Hicho kichwa nimekirithi, ndiyo maana tukigombana majirani wanacheka.

Mwaka jana nilipanda kijijini kwetu Ruanda kutoka Kihagara, ninakofundisha, nikamkuta mteremkoni anachimba ngolo, yale mashimo yetu ya kupandia ambayo tangu zamani ni kazi ya wanawake. Mama huyohuyo aliyekuwa akishika ukuta kwenda chooni! Uso umejaa, unang'aa. Jirani akanidaka njiani: "Mama yako kanawiri bwana, utadhani bibi harusi."

Kumbe alikuwa na chupa kutoka mnadani, dawa ya mitishamba ya Kichina ya kuongeza nguvu. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Sikatai, ilimsaidia: alikula, alilala, magoti yalinyamaza. Lakini vidonge vya presha alikuwa ameviacha kabisa, na miguu ilivimba, ukibonyeza kwa kidole panabaki pamebonyea.

"Mama, acha hii kitu, itakuua."

"Niache? Imebarikiwa."

Loo! Siku ya misa ya kubariki mbegu aliichomeka kwenye kapu, katikati ya mahindi na maharage, padri akanyunyizia vyote maji ya baraka. Sasa nimwambie nini? Nilimfuata padri mwenyewe. Akashika kichwa, akasema yeye alibariki mbegu. Mama akajibu kwamba maji hayachagui.

Nikamburuta hospitali Mbinga. Presha yake ilimtisha hata daktari. Akaigeuza chupa, maandishi ya Kichina matupu. Alisema ipo mitishamba isiyo na shida, ila hii anashuku imechanganywa na dawa kali, zile zinazotia nguvu upesi huku zikijaza uso na kupandisha presha. Kuapa hawezi. Akamwachisha polepole, maana kuikatisha ghafla nako ni hatari, akamrudisha kwenye vidonge.

Presha imeshuka. Magoti nayo yamerudi yaleyale. Msimu huu wanawake walipita na majembe yao, wakampa shikamoo, naye ameketi kibarazani na khanga mapajani. Walipopotea kwenye kona aliendelea kutazama njia. Niliumia, jamani, niliumia hadi nikaona nimwambie jambo lolote la kumfurahisha.

"Mama, presha yako sasa ni nzuri sana."

"Nzuri," akasema. "Ya kufanyia nini?"