Sabuni Katika Chombo cha Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo nusura nimuue ngamia kwa kipande cha sabuni. Usicheke bado. Ngoja nifike mwisho ndipo ucheke, maana mimi mwenyewe siku hizi hucheka, ingawa siku ile machozi yalinitoka mbele ya mama mkwe.

Zilikuwa zile siku za vita ambazo watu wetu huziita daba, yaani siku za kuzuiwa. Tulikuwa tumekusanywa kwenye kijiji kimoja chenye uzio wa miiba nje ya Garissa, na hakuna aliyetoka bila cheti. Kabla ya hapo baba yangu alikuwa na ngamia wengi. Vita vilipotupitia alibaki na mmoja tu, jike mweupe tuliyemwita Adey, na maziwa yake ndiyo yaliyotulisha watu saba. Kila asubuhi baba alimsalimia Adey kabla ya kutusalimia sisi. Mama alikuwa akimtania kwamba ana wake wawili, na kwamba mke mkubwa ni yule mwenye nundu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilikuwa mchumba wa mtu. Nililelewa mjini kwa shangazi yangu, nikasoma, nikarudi kwa wazazi vita vilipoanza, kichwa kimejaa maringo. Harusi ilikuwa imekaribia. Lakini nyumba ya bibi harusi kwetu huezekwa kwa mikeka, mikeka hutaka majani ya mkoma, ule mti wa jamii ya mnazi, na mikoma haioti ndani ya uzio. Basi mama mkwe wangu mtarajiwa, tuliyemwita kwa heshima Eedo Mumina, alikwenda akakaa mlangoni kwa mkuu wa kambi siku mbili nzima, mpaka yule bwana akachoka kumruka kila anapoingia na kutoka. Eedo akarudi na cheti: familia mbili, siku moja, kwenda kisiwa cha katikati ya mto Tana na kurudi kabla ya jua kuzama, pamoja na askari mmoja wa kutulinda. Au wa kutuchunga, sijui.

Jioni ya kuamkia safari Eedo alituletea chombo chake cha maziwa. Alikuwa amekisuka mwenyewe kwa nyuzi za mizizi, kimebana hata tone la maji halipenyi. "Kesho tieni maziwa ya Adey humu," alisema, "tukanywe sote."

Nilipochungulia ndani niliona weusi mtupu, na harufu ya moshi ikanipiga puani. Kwa shangazi maziwa yalikaa kwenye sufuria inayong'aa, na shuleni tulifundishwa usafi. Nikajiambia, huyu mama ananipima aone kama mimi ni msichana msafi. Nikaenda nyuma ya kibanda na sabuni ya mche, nikasugua mpaka maji yakatoka meusi kama wino. Kisha nikasugua tena. Sikumwuliza mtu, na wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kumbe ule weusi ulikuwa kazi ya miaka mingi. Chombo hufukizwa kila siku kwa kijinga cha moto cha mti maalumu, ili maziwa yasiharibike na yapate ladha. Mimi niliufuta moshi wote kwa jioni moja, nikaacha sabuni imejificha katikati ya nyuzi.

Asubuhi tuliondoka. Mwanangu, ungetuona. Watu waliofungiwa miezi na miezi wakifunguliwa mlango hata kokoto huwa nzuri. Mzee mmoja wa Kimunyoyaya, wale wenzetu wa kando ya mto, alituvusha kwa mtumbwi huku akituambia tusitie mikono majini kwa sababu mamba naye hajapata kifungua kinywa. Kisiwani mama yangu, mtu mzima, alivua viatu akakimbia mchangani. Tumbili walitutukana juu ya mikuyu na wadogo zangu wakawajibu. Eedo alituonyesha jinsi ya kuchagua majani ya mkoma, yasiwe machanga wala makavu, jinsi ya kuyachana kwa ukucha na kusuka ukili. Askari naye aliweka bunduki kando akachukua majani, akasema bibi yake alikuwa msusi wa vikapu, na kusema kweli ukili wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Ulipofika wakati wa chakula tulitandika. Tulikuwa na muufo, mkate wetu wa moto uliookwa palepale, na nyirinyiri, vile vipande vidogo vya nyama kavu vilivyolala kwenye samli. Mvushaji alitupa ndizi za shambani kwake. Kisha nikaleta chombo, nimekishika kwa mikono miwili, nikingoja sifa.

Eedo Mumina alikunywa wa kwanza. Alimeza, akanitazama, akampa askari. Askari akapiga funda moja akajifuta mdomo.

"Mama, maziwa ya huku hutoa povu hivi?"

Baba akachukua chombo, akaonja, na uso wake ukabadilika. "Nani alimkamua Adey leo?"

"Mimi, Aabo."

"Yalikuwa hivi tangu asubuhi?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu, mwanangu, nafasi pana kama mlango wa msikiti. Tayari nilikwisha kuelewa ile ladha ilitoka wapi. Lakini Eedo alikuwa ananitazama, na nikaona harusi yangu ikiondoka na mto. Nikasema, "Ndiyo, Aabo. Labda amekula majani mabaya."

Baba akakiweka chombo chini. Ngamia akitoa maziwa machungu, alisema, ana ugonjwa wa ndani, na ugonjwa huo haungoji. Akamgeukia askari na Kiswahili chake cha sokoni. "Afande, kesho mimi nataka kibali ya mchinjaji. Ngamia yangu nagonjeka. Ikikufa bure hata nyama hakuna, na watoto iko saba."

Watoto hatukuwa saba, tulikuwa watano, lakini hakuna aliyemsahihisha. Alikwenda kukaa peke yake ukingoni mwa maji, amewapa watu mgongo. Nilimwona akipangusa macho kwa ncha ya kikoi. Na mimi nikaendelea kusuka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba niliendelea kusuka, toka adhuhuri mpaka alasiri. Tuliposali nilipoteza hesabu ya rakaa.

Baada ya sala Eedo alikaa karibu nami akaushika ukili wangu. "Umekaza mno," alisema. "Mkono wenye siri husuka vibaya."

Nikainuka. Nikaenda hadi kwa baba. Nikamwambia mbele ya wote, machozi yakinitoka, mama mkwe akisikia na askari akisikia, kwamba Adey ni mzima kabisa na mgonjwa ni mimi, kwa sababu nilikiosha kile chombo kwa sabuni kisha nikamsingizia mnyama asiyeweza kujitetea.

Baba alinitazama. Akaniuliza polepole, "Sabuni?" Nikasema sabuni. Akacheka, mwanangu, akacheka mpaka kofia ikaanguka majini na mvushaji akaifuata kwa kasia, kisha akauliza kama hatuwezi kurudi mapema kidogo akamwone Adey.

Nikamgeukia Eedo, nikitarajia avunje uchumba palepale. Alikuwa anatabasamu.

"Nilijua tangu funda la kwanza," alisema. "Nimekuwa na chombo hiki kabla hujazaliwa, na hakijawahi kunukia kama nguo za Idi. Kuosha ni ujinga, na ujinga nitakufundisha uishe. Nilichongoja kujua ni kama utamwacha ngamia achinjwe kwa ajili ya aibu yako. Jua lingegusa mikoma ungali kimya, ningerudi na mikeka yangu."

Hapohapo akawasha moto, akanifundisha kuingiza kijinga chomboni, kukitikisa, kufunika na kuhesabu pumzi. Akasema harusi itafungwa siku chombo kitakapokubali maziwa tena. Kilichukua miezi mitatu. Kila alfajiri nilifukiza huku bwana harusi akituma watu kuuliza chombo kinaendeleaje, na kijiji kizima kikipata cha kucheka, kitu ambacho siku zile kilikuwa adimu kuliko sukari. Siku ya harusi Eedo alionja maziwa ya Adey mbele ya wageni, akalamba midomo, akasema, "Sasa mwiteni shehe."

Basi nisikilize, wewe uliyesoma kuliko mimi. Ukikuta kitu cha wazee kimekuwa cheusi, uliza kwanza weusi wake ni wa nini kabla hujashika sabuni. Na ukikosea, maana utakosea, sema mapema, kosa likiwa bado ni lako peke yako. Ukimtwika mwingine litakuwa zito, na mara nyingi anayelibeba hana ulimi wa kukukana. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilianza adhuhuri ikaisha alasiri, na hata hivyo ilikuwa karibu ipite shingoni mwa Adey.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri na mama mkwe mwenye subira. Akupe maziwa yasiyokauka, na nyumba ambayo moshi wake unanukia vizuri. Amin. Haya, sasa unaweza kucheka.