Fyuzi Kati ya Meno

Gidioni alikuwa mwoga, na hakujua kuuficha uoga wake. Akiwa mtoto aliona pikapu ikiteketea kandokando ya barabara ya Bomang'ombe, dereva akigonga kioo kwa ndani, na tangu siku hiyo hakuuamini moto tena, hata ule wa jikoni kwake. Ajabu ni kwamba alipokua alichagua ufundi wa umeme wa magari. Mama yake hakuliona ajabu. "Kwa mwoga huenda kicheko," alisema. "Mwacheni mwanangu."

Vicheko alivipata tele, pale gereji ya Njoro alipofanya kazi pamoja na Kornel, fundi injini. Miaka hiyo magari yaliyotumika Japani yalikuwa yakimiminika mjini, na redio zake ziliishia masafa ya tisini, zisishike stesheni nyingi za hapa. Wenye magari walimjia Gidioni awawekee tundu la kuchomekea kisanduku kidogo cha kuchezea nyimbo, na wenye uwezo walitaka na redio ya setilaiti, ile yenye antena bapa kama kifuniko cha sufuria.

Alikuwa na desturi moja. Kabla hajagusa waya wowote alichomoa fyuzi, kile kipande cha kioo kinachokubali kufa ili waya usiungue, akaibana kati ya meno. Haikutoka humo mpaka irudi mahali pake. Ukimsemesha, alikujibu kwa nyusi.

"Mwenzetu ananyonya peremende," Kornel alizoea kuwaambia wateja. "Msimwombe, ni mchoyo."

Jumamosi moja mzee Arvind, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliliacha gari lake hapo tangu asubuhi. Mwanawe Rahul alikuwa amemletea redio ya setilaiti ili mama yake, Bi Sulochana, asikie nyimbo za ibada za kwao akiwa njiani. Gidioni aliifunga chini ya kiti cha abiria, akaupitisha waya wake chini ya zulia mpaka kwenye betri. Fyuzi ya redio hiyo ilikuwa moja tu, naye hakutaka imkatikie katika kujaribu. Basi mahali pake akaweka uzi wa shaba, kwa muda, kama wafanyavyo mafundi wengi. Uzi wa shaba hupitisha umeme kama fyuzi, ila mambo yakiharibika haukatiki upesi. Fyuzi yenyewe ilikuwa mdomoni.

Redio ikaimba. Ndipo mzee Arvind na mkewe wakaingia, wamevaa nguo nyeupe.

"Gidioni, tunachelewa mazishi huko Kibosho," mzee alisema. "Amefiwa na baba yake Dominika, mfanyakazi wetu wa dukani."

Gidioni akainua nyusi.

"Loo!" Kornel alisema kutoka uvunguni mwa lori. "Hata wazee huwaamkii? Mama yako ndivyo alivyokufunza?"

Uso ulimwiva Gidioni. Akaitoa fyuzi, akaiweka mezani. "Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, marahaba. Imekwisha?"

"Bado naangalia..."

"Aangalie nini, na inaimba?" Kornel akadakia. "Huyu mkimngoja, marehemu atafufuka mkiwa bado Njoro."

Wote walicheka, na Gidioni, kwa aibu, akacheka nao. Akafunga boneti. Bi Sulochana akachomeka kijiti cha udi kwenye dashibodi ili kuibariki redio mpya, akakiwasha, wakaondoka na moshi wao mtamu.

Gidioni alipogeuka kuchukua kitambaa cha kufutia mikono, aliiona fyuzi. Imelala mezani, safi, nzima.

"Kornel."

"Nini tena?"

"Nimewapa wazee wa watu moto waende nao."

Kornel alitaka kutania, akautazama uso wa mwenzake, akaacha. Simu ya mzee ilikuwa haipatikani. Kornel akatoa pikipiki yake.

Gidioni aliibana fyuzi kati ya meno, akapanda nyuma yake. Ladha ya chuma ilimjaa mdomoni. Kila moshi uliofuka kati ya migomba ulikuwa ni gari lile. Kumbe ni jiko la mtu, au takataka za mtu. Akasikia kioo kikigongwa kwa ndani, akafumba macho, na sauti isikome.

Msibani magari yalikuwa yamepangana kando ya ua wa mimea ya masale. Gidioni aliruka kabla pikipiki haijasimama, akapita mbele ya wazee waliokaa kwenye mabenchi bila kuamkia hata mmoja.

"Mtoto wa nani huyu, apita watu kama ng'ombe?"

"Shikamooni, wazee, msameheni," Kornel alisema nyuma yake. "Anaumwa jino."

Bi Sulochana alikuwa peke yake garini, baridi ya mlimani imemshinda. Redio ilikuwa inaimba na kukatika, inaimba na kukatika. Gidioni akafungua mlango, akamwita kwa mkono. Mama akashuka, ameshangaa.

"Tangu tuanze kupanda mlima, kila nikiegemea inanyamaza," alisema. "Na huu udi mbaya, unanuka plastiki."

Udi ulikuwa umekwisha zamani.

Gidioni akafungua boneti, akaushika uzi wa shaba, ukamuunguza vidole. Akaung'oa. Akaitoa fyuzi mdomoni, akaiweka mahali pake, redio ikarudi.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu." Naye, kwa baridi, akarudi kukaa.

Tap. Fyuzi ikakatika. Redio ikanyamaza moja kwa moja.

Gidioni akamwomba ashuke tena, akainua zulia. Reli ya kiti ilikuwa imekata ganda la waya. Plastiki imeyeyuka, na zulia lina tundu jeusi, palepale ulipokuwa upindo wa sari yake.

Mzee Arvind alikuwa amefika, akainama kulitazama tundu lile.

"Niliisahau fyuzi mezani, mzee," Gidioni alisema. "Nilipoitoa kuwaamkia."

"Basi ukiwa kazini," mzee alisema polepole, "usituamkie tena."

Gidioni akamjibu kwa nyusi; meno yalikuwa yakigongana, na sasa hayakuwa na kitu cha kubana.